Kipulizio Kipya cha Gatdet

Mimi ndiye niliyekichagua. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi habari hii inasimuliwa Kakuma kana kwamba kosa lilikuwa la joto, au la klarineti yenyewe, au la bahati ya Gatdet ambayo haijawahi kuwa nzuri. Haikuwa bahati. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nyumbani kwa bibi yangu hapa Lodwar, nikapanga vipulizio vitatu juu ya kitenge safi, nikachagua kimoja.

Kwa asiyeijua klarineti, kipulizio ni ile sehemu nyeusi ya juu kabisa, iliyokatwa kwa mshazari, ambayo mpigaji huiingiza kinywani. Upande wake wa chini hulazwa ridi, kipande chembamba cha mwanzi, na kibano huishika ridi isisogee. Kati ya ncha ya ridi na ncha ya kipulizio hubaki mwanya mdogo kuliko unene wa ukucha. Pumzi ikipita hapo ridi hutetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Kipulizio kikikataa, klarineti yote iliyobaki ni bomba tu.

Wakati huo nilikuwa na mwaka mmoja tangu nihitimu ualimu wa muziki. Majirani hawakujua waiweke wapi shahada hiyo. "Miaka minne unasomea kuimba?" mama mmoja wa dukani aliniuliza. "Sisi tunaimba bila kusoma." Nilikuwa nimepata kazi ya mwalimu msaidizi katika kituo cha muziki ambacho kanisa moja lilikuwa linakifungua hapa mjini, na kila Jumamosi nilipanda basi kwenda Kakuma kuisaidia bendi ya kanisa la Wanueri ndani ya kambi ya wakimbizi. Tarumbeta mbili, tromboni moja iliyonyooshwa kwa nyundo, ngoma, na klarineti ya Gatdet.

Gatdet alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mrefu, mwenye mistari ya chale za ujana wa kwao kwenye paji la uso. Akicheka ungeona pengo la meno manne ya chini, yaliyong'olewa akiwa mtoto. Klarineti alifundishwa katika kambi ya Itang, Ethiopia, na mzee mmoja aliyewahi kupiga katika bendi ya jeshi. Mzee huyo alimwachia kipulizio chake. Kilikuwa kimechakaa, kimeingia alama za meno kwa juu, na hakikuwa na kibano. Gatdet aliifunga ridi kwa uzi wa nyavu, ule wa wavuvi wa Kalokol, akiuzungusha mara kumi na mbili na kuumalizia kwa fundo dogo asiloliangalia hata mara moja.

Alipopiga, watu waliacha kuzungumza. Lakini pembeni ya kila sauti yake palikuwa na upepo, mlio mwembamba kama wa gurudumu la baiskeli linaloisha pumzi. Wengine hawakuusikia tena. Mimi niliusikia kila Jumamosi, na nikaanza kuuchukia.

Kituo chetu kilipotangaza nafasi ya mwalimu wa ala za kupuliza, nilimfikiria yeye kabla sijamaliza kusoma tangazo. Nilimpelekea habari hiyo Jumamosi, baada ya mazoezi, nje ya kanisa lao la mabati.

"Mwalimu, hao wanataka mtu ya karatasi," alisema.

"Wanataka mtu anayejua kupuliza na kufundisha. Baba Nyaduoth, wewe umefundisha nusu ya kambi hii."

"Nusu ya kambi haina klarineti," alisema Nyaduoth, binti yake wa miaka kumi na sita, aliyekuwa akifuta klarineti kwa kitambaa. Baba yake akipumzika, yeye ndiye aliyeipiga. "Amefundisha watu watano. Wawili walihamia ngoma."

"Wewe nyamaza. Hao wawili walikuwa na mikono ya ngoma."

Tulicheka. Kisha Gatdet akatoa kadi yake ya ukimbizi mfukoni, akanionyesha mahali pa kazi. Palikuwa na kistari tu.

"Iko hivi tangu nafika hapa," alisema. "Mtu anaangalia kadi, anaona mstari, ananiangalia mimi. Kama wataandika mwalimu..." Aliirudisha kadi taratibu, akaupapasa mfuko kuhakikisha imekaa.

Nilimwambia kituo kimeahidi kushughulikia karatasi zake zote, hata ruhusa ya kuishi Lodwar, iwapo atachaguliwa. Hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia pia kwamba atachaguliwa. Hilo sikuwa na haki ya kulisema.

*

Upepo ule ndio ulionitia wasiwasi. Niliwajua watakaomsikiliza: Bi. Nangiro, mkuu wa kituo, mwanamke wa utaratibu na saa, na Sajini Ebenyo, mzee aliyestaafu kutoka bendi ya polisi, ambaye kila mtu alimwogopa kwa masikio yake. Nilijiambia kwamba wataisikia klarineti ya mtu wa kambini, yenye uzi wa nyavu, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza watakuwa wamemwekea alama vichwani.

Basi niliwaandikia wenzangu wa chuo, nao wakachanga bila maswali mengi. Duka moja la Nairobi likanitumia kwa basi vipulizio vitatu na vibano viwili, kwa sharti kwamba nichague katika wiki moja na kurudisha vilivyobaki. Ningeweza kuvibeba Jumamosi hadi Kakuma. Hilo najua, na najua kwa nini sikufanya. Nilitaka iwe zawadi. Nilitaka kuiona sura yake akifungua.

Nilivijaribu mimi mwenyewe, uani kwa bibi, kwa klarineti yangu ya chuo. Cha kwanza kilikuwa na mwanya mdogo. Kilijibu upesi, hakikudai nguvu, lakini sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Cha pili kilikuwa cha katikati, wala hakikuniambia kitu. Cha tatu kilikuwa na mwanya mpana. Kilitaka taya ishike barabara kutoka chini, mdomo wa chini uikandamize ridi bila kulegea, na ukikipa hicho kilichotaka, uani wote ulijaa. Kuku walikimbia. Jirani alichungulia juu ya ua wa miti.

Vibano navyo nilivibadilisha mara nyingi. Kimoja kilikuwa cha ngozi, laini, chenye skrubu moja. Kingine kilikuwa cha chuma kinachong'aa, chenye skrubu mbili chini, na kingo kali. Cha chuma kilifanya kila noti ianze safi, bila kukwaruza.

"Nipe na mimi," bibi alisema kwa Kiturkana. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mguu mmoja umenyooka, akinitazama tangu asubuhi.

"Ata," nilimwita bibi, "hii si tumbaku."

"Naona si tumbaku. Tumbaku haipigi kelele. Leta."

Nikamwekea kile cha tatu kinywani. Alipuliza mashavu yakavimba, pumzi yote ikamtoka chini ya kipulizio ikalowesha kidevu, na klarineti haikutoa kitu. Akajaribu tena. Akakisukuma ndani zaidi, akakitoa, akakiangalia kwa dharau.

"Hakina pa kukaa," alisema. Akaligusa pengo lake kwa kidole, pale yalipokuwa meno mawili ya chini ya katikati, ambayo aling'olewa akiwa msichana mdogo kama wenzake wote wa rika lake. "Huku hakuna ukuta. Kinaingia tu kama mbuzi zizini."

Nilicheka hadi machozi. Nilimwambia arudie ili nimpige video, naye akarudia kwa madaha, na nikawatumia wenzangu wa chuo. Wote walicheka.

Ningependa kusema kwamba kitu fulani kilinigusa moyoni wakati ule. Hakuna kilichonigusa. Hapa kwetu pengo hilo halihesabiwi kuwa pengo. Nimelelewa na bibi huyu, nimemwona akila, akiimba, akifyonza maziwa ya ngamia kutoka kibuyuni. Kinywa chake ni kinywa. Mgeni kutoka mbali angeshtuka na kuuliza. Mimi sikuwa na cha kuuliza. Nilikipangusa kipulizio, nikakijaribu tena kwa meno yangu yote thelathini na mawili, nikafunga vile viwili na kibano cha ngozi kwenye bahasha ya kurudi Nairobi.

*

Nilimpelekea zawadi hiyo wiki mbili kabla ya siku ya kusikilizwa, ndani ya kiboksi nilichokifunga utepe. Gatdet alikifungua kwa vidole viwili. Wanabendi walisogea. Alikiinua kipulizio kwenye mwanga, akakigeuza, akakigusa kibano cha chuma mahali kinapong'aa.

"Hii ni ya mtu mkubwa," alisema.

"Ni yako."

Alikifunga, akapuliza. Sauti iliyotoka ilikuwa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuisikia kwake, na ikakwama. Akakisogeza, akakiingiza ndani zaidi, ndani sana, mpaka kingo za kibano zikagusa mdomo wake wa chini. Sauti ikasimama. Ule upepo ulipungua. Wanabendi wakapiga makofi, na mimi nikapiga kuliko wote.

"Unaionaje?"

Alinitazama kidogo. "Ni nzuri sana, Mwalimu. Mungu akubariki."

"Utakizoea. Wiki mbili zinatosha." Kisha nikafanya jambo lililofundishwa vizuri sana darasani: mwanafunzi anapobadilisha chombo, mwondolee cha zamani ili asirudi nyuma. Nilinyoosha mkono. "Hicho cha zamani nipe mimi nikutunzie."

Alisita. Akaufungua uzi wa nyavu, mzunguko mmoja baada ya mwingine, akauviringa kwenye kidole, akautia mfuko wa shati. Kipulizio akanipa.

Jumamosi iliyofuata hakuja mazoezini. "Ana homa," Nyaduoth aliniambia.

"Anafanya mazoezi lakini?"

"Kila siku. Asubuhi na jioni." Alikuwa akiangalia viatu vyake. "Mama amemwambia apumzike, hataki."

Nilifurahi. Ndiyo, niliposikia asubuhi na jioni, nilifurahi.

*

Alifika Lodwar siku ya Ijumaa kwa basi la asubuhi, amevaa shati jeupe lililonyooshwa, na pasi ya kusafiri iliyomtaka awe amerudi kambini jioni hiyo hiyo. Waombaji walikuwa watatu. Wa kwanza alikuwa Ekiru, kijana wa hapa hapa aliyesomea Eldoret, mtu mwema ambaye sina neno baya juu yake. Alipiga vizuri dakika zake kumi na tano, akatoka akifuta jasho, akampa Gatdet mkono na kumwita mzee.

Mimi sikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Nilikuwa mlangoni, kazi yangu kuita majina na kufunga mlango. Sikuufunga.

Gatdet aliwasalimu, akasimama wima, akaweka klarineti kinywani. Noti ya kwanza ilikuja pana na nzuri. Ya tatu ililia kama mlango. Akasimama, akaomba radhi, akaanza upya, na safari hii mlio ulikuja mapema zaidi. Aliposhuka sauti za chini, upepo ulirudi, si ule mwembamba wa zamani bali wazi kabisa, pumzi tupu, na mate yakamtiririka kidevuni. Akajifuta kwa mkono wa shati. Niliona mkono wa shati umepata doa jekundu.

Bi. Nangiro aliandika kitu. Sajini Ebenyo hakuandika. Aliinuka, akazunguka meza, akasimama mbele ya Gatdet.

"Ndugu yangu, nionyeshe kinywa."

Gatdet alifungua kinywa kama mtu aliyeambiwa na daktari. Kwa ndani, mdomo wake wa chini ulikuwa umechanika mahali pawili, nyama mbichi. Ufizi wa pengo ulikuwa umevimba.

"Hii ni ya leo?"

"Ya siku nyingi, Sajini."

"Kipulizio hiki nani alichagua?"

Gatdet alikuwa akitazama dirisha, na nilielewa kwamba hatajibu hata akae pale mpaka jioni.

"Mimi," nilisema kutoka mlangoni.

Sajini alinigeukia. Alikunja mdomo wake wa chini kwa kidole gumba, akanionyesha pengo lake mwenyewe, la kizee, la Kiturkana, sawa na la bibi. "Kilijaribiwa kwa kinywa cha nani?"

"Changu."

"Changu," alirudia. Hakupaza sauti. "Binti yangu, nusu ya bendi yetu tulikuwa hivi. Mtu wa pengo hawezi kubana ridi kutoka chini, hana cha kubania. Anameza kipulizio mpaka afikie mahali pa kushika. Kwa hiyo unampa mwanya mdogo, na unamfungia ridi kwa uzi, maana chuma kitamkata. Huyu alikuwa akipigia nini zamani?"

"Mwanya mdogo," nilisema. "Na uzi."

"Na upepo kidogo pembeni?"

"Ndiyo."

"Huo hauponi. Huo ni kinywa chake." Akamgeukia Bi. Nangiro. "Mama, mtu huyu hajasikilizwa bado."

Bi. Nangiro aliitazama saa. Hakuwa mtu mbaya. "Sajini, kila mtu ana dakika kumi na tano. Zake zimebaki saba. Kama chombo chake cha zamani kipo karibu, nitamsikiliza mwombaji wa tatu kwanza, halafu nimpe saba zake. Zaidi ya hapo nitakuwa nawaonea wenzake."

Chombo chake kilikuwa kwenye droo yangu, nyumbani kwa bibi, ng'ambo ya mji.

*

Ejore, mwenye bodaboda anayeegesha mbele ya kituo, aliniona nikikimbia akacheka. "Mwalimu! Umefukuzwa ama unafukuza mtu?"

"Endesha, Ejore. Tafadhali."

Aliwasha pikipiki. Bibi alikuwa pale pale kwenye kigoda chake. "Ejok," alinisalimu, na mimi nikapita bila kumjibu, jambo ambalo sijawahi kulifanya maishani. Nilipotoka na kipulizio mkononi aliniita kwa jina, mara moja.

"Nawoi. Nani amekufa?"

"Hakuna, Ata."

"Basi salimia watu."

"Ejok, Ata," nilisema, nikiwa tayari juu ya pikipiki, na ndipo nililiona pengo lake. Alikuwa akinicheka. Nililiona kana kwamba sijawahi kuliona.

Njiani nilikishika kile kipulizio kwa mikono miwili. Nilihesabu Jumamosi zote nilizokaa mbele ya Gatdet nikimrekebisha vidole, mabega, pumzi. Nilikuwa nimemwambia hata namna ya kusimama.

Mwombaji wa tatu alikuwa akitoka tulipofika. Gatdet alikipokea kipulizio, akaniwekea kile kipya kiganjani. Akatia mkono mfuko wa shati, akatoa uzi wa nyavu, ukiwa bado na umbo la kidole chake. Akailaza ridi, akazungusha mara kumi na mbili, akafunga fundo bila kuliangalia. Bi. Nangiro aliweka saa mezani.

Alipiga wimbo wa kanisa lao, ule wanaouimba wakipokea watu waliofika karibuni. Upepo ulikuwepo pembeni, mwembamba, wa zamani. Kwa mara ya kwanza niliusikia vizuri. Ulikuja kabla ya kila noti, kama mtu anayevuta pumzi ili aseme jambo, na noti ikafuata. Sajini alifumba macho. Bi. Nangiro aliacha kushika kalamu. Ekiru, aliyekuwa amekaa barazani akisubiri majibu, alisimama akaja mlangoni pembeni yangu.

"Huyu ni nani?" alininong'oneza.

Dakika tatu, labda nne. Kisha wimbo ukapanda, mahali ambapo waimbaji huwa wanapaza sauti, na mdomo wake uliochanika ukakataa. Noti ilipasuka. Akaijaribu tena ikapasuka tena. Alijaribu mara ya tatu, polepole, akiwa ameinamisha kichwa, na kikatoka kipande kidogo cha sauti, halafu pumzi, halafu hakuna kitu. Damu ilikuwa imeufikia uzi. Alishusha klarineti.

"Basi," alisema. "Asante kwa kunisikiliza."

Saa ilikuwa bado ina dakika mbili. Bi. Nangiro aliziacha zipite.

*

Walimchagua Ekiru. Sajini Ebenyo alinieleza mwenyewe saa tisa alasiri, kwenye ngazi za kituo. Alikuwa amebishana. Bi. Nangiro alikuwa amesema kwamba mwalimu anahitajika kuanza Jumatatu, na mtu yule asingeweza kupuliza kwa mwezi mzima, na kwamba yeye anaandika alichokisikia, si ambacho angekisikia. "Nikakubali," alisema Sajini. "Sheria yake ni ya haki. Wakati mwingine hiyo ndiyo shida."

Gatdet alikuwa ameshaambiwa. Nilimkuta kwenye stendi ya mabasi ya Kakuma, amekaa kwenye kivuli cha duka la vipuri, klarineti ndani ya mfuko wake magotini, kitambaa mdomoni. Nilikaa chini kando yake, mavumbini. Alishtuka.

"Mwalimu, usikae chini. Watu wanaona."

"Waache waone. Baba Nyaduoth, kwa nini hukuniambia?"

Alikitoa kitambaa, akakiangalia, akakirudisha. Alizungumza kwa shida.

"Siku ile ulikuja na utepe," alisema. "Wewe ulikuwa na furaha kuliko mimi. Nikisema inaniuma, nani tena atakuja Jumamosi?"

"Ningekuja."

"Pengine. Mimi sijui. Watu wengi wameleta vitu huku. Ukisema hii haitoshi, hii ni mbaya, wanaandika kwamba wewe unalalamika, na mwaka ingine hawakuji." Alitikisa kichwa, si kwa hasira. "Nilifikiri nitaishinda yenyewe. Wiki mbili, umesema."

Nililia. Sikutaka kulia, kwa sababu ilimlazimu anibembeleze, naye ndiye aliyekuwa na mdomo uliochanika. Alinipigapiga begani kama ninavyomwona akimpigapiga Nyaduoth akikosea.

"Sasa sikia. Ile ya chuma usirudishe Nairobi. Nyaduoth ana meno yake yote. Mama yangu alitaka atolewe, mimi nikakataa. Labda itamfaa." Kondakta alikuwa akipiga bodi ya basi kwa kiganja. Gatdet alisimama. "Lakini wewe usimpe. Mwekee mezani, na zile zingine pia, yeye ajaribu."

Alipanda. Aliitoa pasi yake ili awe nayo tayari mkononi kwa ajili ya vizuizi vya njiani, pamoja na kadi. Nilikiona tena kile kistari.

*

Lile duka la Nairobi lilinitumia tena vile viwili na kibano cha ngozi. Nilikwenda Kakuma Jumamosi ya tatu. Gatdet alikuwepo, kidonda cha mdomo kimefunga, hajaanza kupiga. Alikuwa amekaa nyuma, kwenye benchi la watu wa ngoma, mahali ambapo sikuwahi kumwona amekaa. Bendi bila klarineti ilisikika kama nyumba iliyoondolewa mlango.

Sikuwa na utepe. Nilitandika kitenge juu ya meza ya Komunio, baada ya kumwomba mchungaji ruhusa, nikavipanga vipulizio vitatu na vibano viwili, na pembeni nikaweka kibunda cha uzi wa nyavu nilichokinunua sokoni. Nikarudi nyuma hatua kadhaa. Mikono yangu haikujua iende wapi, nikaikunja.

Nyaduoth alianza na cha mwanya mpana. Alipuliza, akakunja uso, akapuliza tena. Sauti ilikuwa kubwa, safi, ile ile niliyoipenda uani kwa bibi. Wanabendi wakaguna kwa kusifu. Nilihisi neno likinipanda kooni, ni nzuri, chukua hiyo, nikalimeza.

Alikitoa kinywani, akamtazama baba yake. Kisha akanitazama mimi, na niliona jinsi ilivyokuwa vigumu kwake.

"Mwalimu, hii inaniuma hapa," alisema, akigusa kona ya mdomo.

"Hapo tu?"

"Na hapa kidogo. Na sauti yake siipendi. Inapiga kelele."

Nyuma, kwenye benchi la ngoma, Gatdet alicheka kwa mara ya kwanza tangu nifike, akaushika mdomo wake kwa maumivu.

"Basi tukiondoe," nilisema, nikasogea mezani. "Jaribu hicho kingine. Nieleze kila kitu."